Mashine Inayosahau Watu: Kuki Ilitoka Wapi, na Kwa Nini Mlango Unakufunga Nje

NYANGWE, teritware ya Kasongo – Mtu anafungua ukurasa kwenye simu, anaandika jina lake na neno la siri, anaingia, anafanya kazi yake. Kesho yake anarudi, na ukurasa uleule unamuuliza tena yeye ni nani, kana kwamba hawajawahi kuonana. Anaandika upya. Kesho kutwa, vilevile. Kwa mtu wa mji mkubwa mwenye umeme nyumbani hilo ni usumbufu mdogo. Kwa familia iliyokimbia vita upande wa Salamabila, yenye simu moja kwa watu wanane, simu inayochajiwa kwa sola ya jirani kwa malipo, na daftari lenye neno la siri limebaki kwenye nyumba iliyoachwa usiku, huo ni mlango uliofungwa.

Ugonjwa huu wa mashine kusahau watu una historia, tena si ndefu sana: unazidi kidogo miaka 30. Lakini una babu zake, na baadhi yao walipita hapa hapa kando ya Lualaba.

Nyangwe ilikuwa soko kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Livingstone alipofika mwaka 1871 alikuta soko ambalo siku zake kubwa lilikusanya watu zaidi ya elfu moja, wengi wao wanawake, wakiuza samaki, muhogo, chumvi na vyungu. Muuzaji alimjua mnunuzi kwa uso, kwa kijiji, kwa ukoo wa mama yake. Hakuna aliyehitaji karatasi. Karatasi ilikuja na wafanyabiashara wa pwani, waliotumiana barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kutoka Kasongo hadi Ujiji, Tabora na Unguja. Mbeba barua alipokelewa kwa sababu ya kile alichobeba. Uso wake haukuwa na maana kubwa. Angeweza kuwa mtu yeyote.

Baada ya Nyangwe kutekwa na jeshi la Dhanis tarehe 4 Machi 1893, na Kasongo mwezi uliofuata, utawala mpya nao ulitaka kujua nani ni nani. Wazee wa Kongo ya Wabelgiji wanakumbuka kitabu cha kitambulisho na ile pasipoti ya kuhama, ambayo bila hiyo mtu hakuruhusiwa kwenda kukaa nje ya sheferi yake. Kule Kenya Waingereza walifika mbali zaidi. Kwa sheria ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kila mwanaume Mwafrika mtu mzima alibeba kipande: karatasi yenye alama za vidole vyake, iliyowekwa katika kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mwajiri aliandika humo tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuacha. Asipoandika kwamba amemwachia, mwenye kipande hakupata kazi kwingine, na kuondoka kwake kulihesabiwa kosa.

Kipande kinafaa kukumbukwa, kwa sababu ndicho kitu kinachofanana zaidi na jambo lenyewe. Mwenye mlango anaandika. Mpita njia anabeba. Kila akirudi mlangoni anaonyesha alichoandikiwa, na mwenye mlango anasoma maandishi yake mwenyewe.

Ndivyo ilivyo kuki.

Tim Berners-Lee alipoanza kubuni wavuti mwaka 1989, akiwa katika kituo cha CERN kule Geneva, alitaka wanasayansi wapeane hati kwa urahisi. Anayetaka ukurasa anauomba, seva inampa, mazungumzo yamekwisha. Akiomba ukurasa wa pili, kwa seva ni mgeni mpya kabisa. Huo haukuwa uzembe. Seva isiyokumbuka mtu haichoki upesi, inahudumia watu wengi, na ikizimwa na kuwashwa haijapoteza kitu. Kwa kusoma hati, nani ana haja ya kujulikana?

Shida ilianza pale watu walipotaka kuuza. Mwaka 1994, katika kampuni changa iliyokuja kuitwa Netscape huko Marekani, mteja mmoja alitaka duka la kwenye wavuti, lakini hakutaka kompyuta zake zibebe kumbukumbu ya kila mtu aliyeweka kitu kikapuni akaondoka bila kulipa. Kijana wa miaka 23, Lou Montulli, alipata jibu: kumbukumbu ibebwe na mnunuzi mwenyewe. Seva ikijibu ombi la kwanza, iongeze mstari mmoja unaosema, "Tunza hiki." Kivinjari kikitunze, na kila kinaporudi kwenye tovuti ileile kikionyeshe. Montulli aliandika maelezo ya kwanza pamoja na John Giannandrea, na kivinjari cha Netscape kikawa na uwezo huo mwaka uleule. Jina alilichukua kwa waandishi wa programu wa zamani, walioita kijipande cha data kinachopokezanwa bila kufunguliwa kuki ya kimiujiza. Biskuti yenyewe haimo.

Kwa muda wa zaidi ya mwaka umma haukujua kitu. Mwezi Februari 1996 gazeti la Financial Times liliandika habari hiyo na watu wakashtuka kwamba simulizi ya safari zao inaandikwa ndani ya kompyuta zao wenyewe bila kuulizwa. Zikafuata kanuni za mwaka 1997, kisha 2000, ambazo wengi hawakuzifuata. Mwaka 2011 ikatoka nyingine iliyokubali kuandika kile ambacho vivinjari vilikuwa vikifanya kweli. Hiyo ndiyo iliyoshika.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, maana hapa ndipo mafundi wengi hupoteza siku nzima. Mtu anapolalamika kwamba tovuti inamsahau, fundi mwenye pupa hukimbilia kubadilisha neno la siri. Neno la siri halina hatia. Limefanya kazi yake mara moja tu, mlangoni. Baada ya hapo anayemtambulisha mtu ni kuki peke yake, na ndani ya kuki iliyotengenezwa vizuri hamna jina wala siri yoyote: mna namba ndefu tu iliyobahatishwa. Daftari linalosema namba hiyo ni ya nani liko kwa seva. Hapo ndipo kuki inapokizidi kipande cha Kenya, kilichobeba maisha ya mtu yote mbele ya macho ya kila askari.

Kwa hiyo kumbukumbu ina nusu mbili, namba kwenye simu na daftari kwenye seva, na kati yao iko njia. Kutafuta kosa ni kuuliza imekatika wapi. Je, seva ilitoa kuki? Je, simu iliipokea na kuitunza? Je, iliionyesha iliporudi? Je, seva iliitambua namba? Vivinjari vya kompyuta vina dirisha la mafundi linaloonyesha haya yote, mstari kwa mstari, na anayeanza hapo humaliza mapema kuliko anayeanza kwa kubahatisha.

Hitilafu inayojulikana sana ni ya umri. Kuki ambayo haikupewa siku ya mwisho inaishi mpaka kivinjari kifungwe, basi. Kwa kompyuta ya ofisini inayowaka mchana kutwa si tatizo. Kwa simu ndogo yenye kumbukumbu finyu, ambayo hufunga programu moja ili kufungua nyingine, kuki hiyo inaweza kufa kila mara mtu anapopigiwa simu. Kwa hiyo fundi anaipa umri, tuseme siku 30, na anafurahi. Kesho yake watu bado wanatolewa nje. Kwa nini? Kwa sababu amerefusha nusu moja tu. Katika lugha ya PHP, ambayo tovuti nyingi duniani zimeandikwa kwayo, daftari la seva limepangwa tangu mwanzo kwamba kikao kisichoguswa kwa sekunde 1440, yaani dakika 24, kinaweza kufagiliwa. Simu inarudi na namba yake nzuri ya siku 30, seva inatafuta daftarini, namba haimo. Na kama tovuti kadhaa zinatunza madaftari yao kwenye chumba kimoja cha seva, yule mwenye muda mfupi kuliko wote anaweza kufagia hata ya wenzake. Fundi aliyekwisha kukutana na hili hasahau.

Kuna jambo jingine, ambalo mafundi wa Ulaya hawalioni mara nyingi lakini hapa kwetu ni la kila wiki: saa ya simu. Betri ikiisha kabisa, au ikitolewa, simu nyingine za bei rahisi hurudi kwenye tarehe ya mwanzo wa kalenda yao. Wengine huamka wakiwa mwaka 1970, kwa sababu mashine nyingi huhesabu muda kuanzia tarehe 1 Januari ya mwaka huo. Mwenye simu anarekebisha saa kwa mkono, na anaweza kuuzidisha mwaka. Saa ikiwa nyuma, kivinjari kinakataa tovuti nzima, kikidai kwamba hati ya usalama yake haijaanza kutumika. Saa ikiwa mbele, kuki inafika ikiwa imekwisha kufa: siku yake ya mwisho, kwa hesabu ya simu, ilipita zamani. Mtu anaandika neno la siri sahihi, anakubaliwa, anagusa ukurasa unaofuata, anaulizwa tena yeye ni nani. Baadhi ya vivinjari hujaribu kuirekebisha hesabu hiyo, vingine havijaribu.

Dawa yake inaeleweka vizuri kwa mfano wa Nyangwe yenyewe. Oktoba 1876 Stanley alifika eneo hili akitaka kushuka na mto, na akapatana na Tippu Tip amsindikize kwa dola 5,000. Mkataba haukutaja tu tarehe. Ulihesabu mwendo, safari 60 tangu siku ya kuondoka. Kalenda ya mmoja ingeweza kutofautiana na ya mwenzake, Mwislamu na Mzungu, lakini hatua zilihesabika kwa wote wawili kuanzia mlango uleule. (Waliachana mwisho wa Desemba, kabla hesabu haijatimia, lakini hilo ni shauri lao.) Kuki nayo ina njia mbili za kuandikiwa mwisho wake. Moja ni tarehe ya kalenda. Nyingine ni umri: sekunde fulani tangu ilipopokelewa. Kanuni ya 2011 inasema zote mbili zikiandikwa, umri ndio unaoshinda. Saa ya simu ikiwa mbele miaka mitano lakini inatembea sawasawa, umri bado unahesabika. Fundi anayeandikia watu wa vijijini aandike umri.

Tarehe za kalenda zina aibu nyingine ya kizamani: maelezo ya kwanza ya 1994 yaliandika mwaka kwa tarakimu mbili. Mpaka leo kanuni inalazimika kufafanua kwamba 70 hadi 99 ni ya miaka ya 1900, na 0 hadi 69 ni ya 2000.

Haya si mambo ya maduka tu. Mwaka uleule wa 1994, wakati Montulli akiandika kuki yake, Afrika Kusini ilikuwa inatoka kwenye ubaguzi, na kundi la watafiti wa huko pamoja na wa Chuo Kikuu cha Oslo likaanza kutengeneza njia ya kukusanya takwimu za afya kutoka kila zahanati. Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa programu ya DHIS2, inayofanya kazi kupitia kivinjari. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa waliotangulia Afrika Mashariki. Kenya ilitaka kwanza kuweka programu kwenye kompyuta za kila wilaya, kisha mafundi wakaona kwamba mtandao wa simu umefika mahali pengi kuliko walivyodhani. Mwaka 2011 nchi nzima ikaingia kwenye seva moja, watu wa wilaya wakipewa modemu. Kongo nayo inatumia DHIS2. Muuguzi mkuu wa kituo anajaza kanva ya mwezi kwa kalamu, karatasi inasafiri kwa pikipiki au kwa mtumbwi mpaka ofisi ya zoni ya afya, na huko ndiko namba zinakoingizwa kwenye mashine.

Fikiria basi mwingiza data mwenye rundo la kanva za vituo vingi na mtandao unaokatika. Programu inamtambua kwa kuki ya kikao isiyo na siku ya mwisho, na seva ina muda wake wa kuvumilia ukimya. Mtandao ukikatika mchana mzima, kikao kinakufa upande wa seva. Watengenezaji waliliona hili walipokuwa wakifanya kazi na Kenya, na suluhisho lao lilikuwa la busara kuliko kurefusha kikao. Walitenganisha kazi na utambulisho: namba anazoandika zinatunzwa ndani ya kivinjari chenyewe, na mtandao ukirudi anaombwa kuingia tena, kisha zinapakiwa. Mashine imemsahau mtu, lakini haikutupa jasho lake. Tovuti nyingi kubwa duniani bado hazijajifunza hilo. Mtu anajaza fomu ndefu, anabonyeza, anarudishwa mlangoni, na fomu imeyeyuka.

Wengine walijidai kuongeza usalama kwa kufunga kikao pamoja na anwani ya mtandao ya simu. Anwani ikibadilika, mtu anatolewa. Kwenye mtandao wa simu wa huku, anwani hubadilika mtu akihama mnara mmoja kwenda mwingine au mtandao ukikatika na kurudi, na watu wengi hutoka nje kwa anwani moja. Ulinzi huo unawafukuza wenyeji na haumzuii mwizi aliye kwenye mnara uleule.

Na mwizi yupo. Oktoba 2010 Eric Butler, mtengeneza programu wa Marekani, alitoa programu ndogo iitwayo Firesheep. Aliyekaa nayo kwenye mtandao wa wazi, kama wa mgahawa, aliona kuki za majirani zikipita bila kufichwa, na kwa kubonyeza mara moja aliingia Facebook au Twitter kwa jina lao. Hakuhitaji neno la siri la mtu. Namba ya kuki ilitosha. Butler alisema wazi kwamba alitaka kuyaaibisha makampuni, na aibu ilifanya kazi: yale makubwa yakahamia njia iliyofichwa muda wote. Kuki ina alama, iliyokuwapo tangu maelezo ya kwanza, inayoiamuru isisafiri kwenye njia ya wazi kamwe. Alama nyingine, iliyoletwa na Microsoft mwaka 2002, inazuia programu zilizo ndani ya ukurasa zisiisome. Alama hizi ni nzuri, na kila moja imezaa hitilafu zake. Fundi anaweka alama ya njia iliyofichwa wakati tovuti yake bado iko kwenye njia ya wazi, halafu anashangaa kuki hairudi. Kivinjari kinatii tu.

Mabadiliko yaliyofukuza watu wengi kwa mara moja yalikuja Februari 2020. Chrome ilianza kukataa kupeleka kuki kutoka tovuti moja hadi nyingine ila mwenye kuki atamke wazi kwamba anaruhusu. Milango mingi ya kuingilia, hasa ile ambayo tovuti moja inamthibitisha mtu kwa niaba ya nyingine, ilikatika. Kisha korona ikaingia, watu wakajifungia, na huduma za benki, serikali na afya zikawa zinategemewa kupitia kivinjari. Tarehe 3 Aprili 2020 Google ilirudisha hali ya zamani kwa muda ili huduma muhimu zisivunjike, ikaanza upya mwezi Julai. Ni mara chache kampuni ya ukubwa huo hurudi nyuma kwa sababu ya usumbufu wa kuingia. Na tangu 2022 Chrome haikubali kuki ya kuishi zaidi ya siku 400, hata mwenye tovuti aandike miaka kumi.

Kwa familia zilizohamishwa, hata hivyo, kusahauliwa si hatari pekee. Kukumbukwa kupita kiasi ni hatari pia, na pengine kubwa zaidi. Simu moja inapita mikononi mwa watu wanane. Siku nyingine inachukuliwa kwenye kizuizi barabarani. Kama ukurasa ndani yake bado umefunguliwa, aliyeichukua anasoma majina ya jamaa, mahali walipohamia, na msaada walioandikishiwa. Huduma za pesa kwa simu zenye namba za nyota na reli hazitumii kuki kabisa: zinatambua laini, zinafunga kikao baada ya muda mfupi, na zinadai namba ya siri kila mara. Watu hulalamikia hilo, lakini kwa simu ya kushirikiana limewaokoa wengi.

Kubonyeza kitufe cha kutoka kunatakiwa kuvunja nusu zote mbili. Tovuti zilizotengenezwa vibaya zinafuta kuki kwenye simu tu, na daftari la seva linabaki na namba ileile, hai. Aliyeinakili mapema bado anaingia. Tovuti nzuri inafuta daftarini kwanza. Kwa aliyenyang'anywa simu kati ya Kabambare na Kasongo, njia iliyobaki ni kuazima simu ya mtu anayemwamini, kuingia kwa jina lake, kubadilisha neno la siri, na kutafuta mahali panapoonyesha vifaa vyote vilivyomo ndani ya akaunti yake, kisha kuvitoa vyote. Akimaliza atoke pia kwenye simu aliyoazima, kabla hajairudisha kwa mwenyewe.